Chafya ya Tarehe Kumi na Nne

Kituo cha Darubini, Kilimani
3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ipokee ukiwa umekaa, maana leo nina mengi. Mimi mzima wa afya, kikohozi kimenihama, na baridi ya huku juu sasa tumezoeana kama wapangaji wa nyumba moja. Nyumbani nako salama. Kaka yako hatimaye amepata miwani. Tangu aivae amegundua kwamba kwa miaka kama sita amekuwa akishona vifungo vyeusi na vya kahawia kwenye koti moja. Amewatumia wateja ujumbe warudishe makoti ayarekebishe. Nusu yao wamekataa, wanasema walidhani ndio mtindo.

Sasa la kazi. Makao makuu wamekubali! Kuanzia mwezi huu darubini yetu na masahani yenu ya redio yatakuwa yanaelekea mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa majaribio ya miezi sita. Ninyi mnasikiliza, sisi tunatazama. Mkuu wangu aliponieleza nilijitia sijui lolote, kumbe ni yaleyale uliyonieleza mezani kwako kwa kijiko na kikombe: kwamba mbali mno huko juu kuna kitu kinachopiga chafya ya redio, fupi kuliko kupepesa jicho, na hakuna anayejua ni nani anayechafya. Ukisikia chafya chumba cha pili huwezi kujua ni ya nani, mpaka pawe na mtu anayechungulia mlangoni wakati huohuo. Basi mlangoni ndipo nilipowekwa mimi.

Mkuu hakuzunguka. Ikifika mwisho wa Agosti bila hata chafya moja kushuhudiwa na pande zote mbili, darubini inafungwa kwenye kreti na mimi narudi nyumbani kumshikia kaka yako uzi. Nami sitaki uzi, Shangazi. Kazi hii naipenda hadi inaniudhi.

Sijamwambia mtu yeyote kwamba wewe ni shangazi yangu, kama ulivyoagiza. Hapa unaitwa Mwangalizi Mkuu wa Bondeni. Juzi mwenzangu wa zamu kasema yule mama wa bondeni ni mkali kama wembe. Nikachekea ndani ya kikombe.

Ila ile ratiba mliyotuletea Februari imetuvunja mbavu. "Saa tatu usiku"! Kwenye kazi hii nani bado anahesabu saa za nyumbani? Sisi wote tunatumia saa za kazi, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu yako ni saa 21. Wenzangu wameibandika ratiba yako ukutani kama picha ya babu.

Najua simu kwenu hairuhusiwi hata kuwashwa, masahani yasije yakasikia simu badala ya nyota. Basi tuendelee na kalamu. Nijibu upesi.

Mtoto wa kaka yako

*

Kituo cha Redio, Bondeni
2 Aprili

Msumari wangu,

Marahaba. Nimeipokea nikiwa nimesimama, kwa sababu viti vya ofisi vimepelekwa kupakwa rangi na havijarudi. Mimi sijambo. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linalisikiliza. Mwambie kaka yangu namrudishia lile koti langu la kijivu, nililikagua jana, lina vifungo vya makabila matatu.

Vituko vya huku haviishi. Wiki iliyopita masahani yote manane yalisikia kelele moja ya ajabu, kila asubuhi, saa moja na robo, siku nne mfululizo. Vijana wakaanza kushikana mikono, wanataka kuipa jina. Nikawaambia tulieni kwanza. Siku ya tano nikatembea nyumba kwa nyumba na kile kipokezi chetu cha mkononi. Nikafika kwa mhasibu mpya, nikamkuta anajinyoa ndevu kwa mashine ya umeme. Ndiye aliyekuwa anachafya. Sasa ananyoa kwa wembe, kidevu kimejaa plasta, na hanisalimii.

Mkurugenzi wetu, tunayemwita Bwana Kikao, aliitisha kikao kuhusu ndevu hizo. Yeye mwenyewe akasinzia katikati, akakoroma kwa heshima kabisa, kisha akaamka na kusema, "Basi, tumekubaliana." Hatujui mpaka leo tulikubaliana nini.

La kazi nalisema upesi, dereva wa gari la barua ananipigia honi. Tumeongezewa muda wa kukifuatilia kile kinachorudiarudia kuchafya. Haumo kwenye ratiba, ratiba ilishachapwa, na Mkurugenzi kaniagiza niwataarifu watu wa kilimani. Nilipaswa kujaza fomu, lakini mwenye fomu yuko likizo na gari ni la Jumanne tu. Basi shika hili: tarehe 14 Aprili, kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 5. Fungua hiyo darubini yako na usipepese.

Kuhusu kejeli zako za saa, sina la kusema.

Shangazi yako

*

Bondeni
16 Aprili

Msumari,

Sisalimii leo, nitakusalimia mara mbili siku nyingine. Imepiga! Dakika ya ishirini na mbili tangu tuanze, chafya moja, safi, kubwa kuliko zote tulizowahi kuzipata. Masahani yote manane yameisikia. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha vipimo, nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Usiniandikie kwanza. Subiri niketi, viti vimerudi. Haya, nimeketi. Umeiona? Ilikuwaje? Nyeupe? Ya buluu? Nina miaka thelathini na moja nasikiliza, sijawahi kuwa na mtu mlangoni. Niambie kila kitu.

Shangazi yako, ambaye leo goti haliumi

*

Kilimani
25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama, na nyumbani salama. Koti lako la kijivu nimeliulizia. Kaka yako amelifumua lote, siyo vifungo tu. Anasema mabega yake yalishonwa na mtu aliyekuwa na hasira, nikamkumbusha kwamba aliyelishona ni yeye. Kisha akasema mwaka ule kweli alikuwa na hasira, alikuwa amegombana na wewe kuhusu nani atakaa na bibi. Sasa anataka kuliwekea bitana mpya. Ameniomba nikuulize unapenda bluu au zambarau, nami nimemwambia zambarau. Ameninunulia na mimi miwani ya jua, ya nini sijui, mtu ninayefanya kazi gizani. Duka lenyewe liko karibu na stendi, zuri, lina vioo pande zote, ukiingia unajiona watu kumi.

Mvua zimeanza huku lakini si nyingi. Paka wa jikoni amezaa.

Kuhusu tarehe 14, hatukuipata. Kosa ni la huku. Usijisumbue nalo.

Mtoto wa kaka yako

*

Bondeni
9 Mei

Msumari,

Marahaba. Zambarau nimeikubali. Mwambie kaka yangu kwamba mwaka ule hata mimi nilikuwa na hasira, na kwamba bibi alitaka kukaa kwake tangu mwanzo, hakusema tu.

Sasa wewe. Nimeletewa kurasa mbili za koti na mstari mmoja wa kazi. Unadhani mimi ni mtoto wa kuvishwa kofia? Mlikosaje? Mawingu? Mashine iligoma? Kama ni mawingu sema mawingu, hakuna anayegombana na wingu. Kosa la huku ni kosa gani? Lina jina?

Nimekwisha kusema kwenye ofisi nzima kwamba kilimani kuna mwangalizi mwenye macho. Usinifanye mwongo.

Nijibu kwa gari la Jumanne.

Shangazi

*

Bondeni
13 Juni

Msumari,

Jumanne ya kwanza sikupata kitu. Ya pili hakuna. Ya nne nikamwomba dereva akague chini ya viti. Leo nimejua kwa nini.

Asubuhi Bwana Kikao kanipa waraka kutoka kwenu nitie sahihi kwamba nimeuona. Nakunukulia: "Mwangalizi wa Kilimani alifungua darubini saa kumi na nane baada ya muda uliopangwa, kwa uzembe wa kusoma taarifa. Ameondolewa zamu. Majaribio yatasitishwa na darubini kufungwa tarehe 30 Juni."

Mtu mzembe huchelewa dakika kumi, au saa nzima, au hulala kabisa asije. Nani katika dunia hii huchelewa saa kumi na nane kamili, bila dakika juu yake? Nikachukua penseli. Kutoka saa tatu yangu mpaka saa tatu yako, tarehe ileile, ni kumi na nane barabara. Penseli ikanidondoka.

Mwanangu, niliandika saa za kazi. Ulinicheka na ile ratiba yangu ya ukutani, ikaniuma kuliko ulivyojua, nikasema nitamwonyesha huyu mtoto kwamba shangazi yake si mkongwe. Niliandika saa 3 nikiwa na maana ya saa tisa alfajiri ya tarehe 14, ila kwa saa zenu hizo zinazoanzia usiku wa manane. Kwa mara ya kwanza maishani. Na kwa kiburi sikukwambia kwamba nimebadilika, nilitaka ushtukie mwenyewe na uone haya. Nikaongeza na neno "usiku" juu yake, kama mtu anayeweka alama ya njia na kuigeuza upande wa pili. Ile fomu niliyoikwepa ina kisanduku cha saa, na juu yake pamechapwa kwa herufi kubwa: SAA ZA KAZI.

Wewe ulishajua. Ulijua tangu Aprili, ukanyamaza, ukaniandikia habari za paka.

Nitumie barua yangu ya tarehe 2 Aprili, irudi kwa gari hilihili. Naipeleka kwa Mkurugenzi na kwa mkuu wako.

Shangazi

*

Kilimani
21 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Usinune, nisome mpaka mwisho.

Ndiyo, nilijua. Tarehe 17 makao makuu walituletea wakati kamili wa chafya: tarehe 14, saa 3 na dakika 22. Nilitazama ile karatasi mpaka herufi zikaanza kutembea. Nilikuwa nimefungua darubini siku hiyo, saa 21, anga safi kama imefuliwa, nikakaa mpaka saa 23 nikitazama mahali ambapo wenzako walishaondoka tangu alfajiri. Mwenzangu wa zamu aliwahi kuniuliza, "Una hakika ni saa tatu za nyumbani?" Nikamwambia nina hakika, huyo mama namjua, hata dunia igeuke yeye hageuki. Akashangaa nimemjulia wapi.

Nani alinifundisha kusoma saa? Ni wewe, kwa ile saa ya bati ya jikoni kwako. Mshale ukiwa kwenye tisa, sema saa tatu. Nikikosea ulikuwa unaugeuza mshale na kuanza upya, wala hukuwahi kunipigia kelele. Basi barua yako niliisoma hivyohivyo ulivyonifundisha. Wewe ulibadilika kwa ajili yangu, nami nikabaki vilevile kwa ajili yako. Nimecheka, Shangazi, halafu nimelia, halafu nimecheka tena.

Barua siileti. Mkuu aliponiuliza taarifa iko wapi nilimwambia imepotea na kwamba niliisoma vibaya. Sikusema uongo wote, ni nusu tu. Ungependa nimpe hiyo barua asome nini? Kwamba mkurugenzi wako anaitwa Bwana Kikao na anakoroma kwa heshima? Kidevu cha mhasibu? Kwamba mimi ni Msumari wako? Umebakiza miezi mitatu ustaafu. Katika miaka yote hiyo hujaandikiwa onyo hata moja. Siwezi kuwa mimi wa kukutia doa la mwisho. Mimi bado kijana, sitakosa kazi. Lile duka la miwani wanatafuta mtu, nimeshaongea nao.

Najua nitachoka na vile vioo kabla ya wiki kwisha. Lakini hilo ni langu. Niachie.

Mtoto wako

*

Bondeni
4 Julai

Msumari,

Marahaba, na unisikilize vizuri.

Umenikatalia barua. Sawa. Ulisahau kwamba mimi nikiandika kitu nakikumbuka? Jumatatu nimesimama kwenye kikao, mbele ya Bwana Kikao, mhasibu, mafundi na vijana wote wa vipimo, na mkuu wako naye alikuwa amekuja kwa ajili ya kufunga hesabu za majaribio. Nikasema kosa la tarehe 14 ni langu, na ushahidi ni barua, na barua nitaisema kwa kichwa. Nikaisema yote. Ningeruka maneno, wangejuaje kwamba sikuruka na mengine? Nikaanza na goti. Nikaenda kwenye vifungo. Nilipofika kwenye ndevu, mhasibu akashika kidevu. Nilipofika kwenye kukoroma, nikakoroma kidogo na mimi ili waelewe.

Nikamaliza mpaka mstari wa sahihi, mwanangu.

Bwana Kikao akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hivi," akauliza, "ninakoroma kweli?"

Mpishi, aliyekuwa anaweka chai, ndiye aliyejibu. "Kwa kweli, Mkurugenzi, unakoroma. Ila si kila siku."

Akacheka yeye kwanza. Sisi wengine tukafuata, mhasibu wa mwisho. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa kuliko yote. "Na huyu Msumari ni nani wako?"

Nikasema: ni mtoto wa kaka yangu, nimemfundisha mimi kusoma saa, na miaka mitatu nimemficha. Nilikuwa najiambia namlinda, wasije wakasema kabebwa na shangazi. Ukweli nimeujua pale pale nimesimama: nilikuwa nalinda jina langu mwenyewe, watu waendelee kusema yule mama hana upendeleo. Nikakuacha ujitetee peke yako huko juu, na ulipopata nafasi ya kujitetea ukanitetea mimi. Nisamehe. Hilo sikulisema kwenye kikao, nakwambia wewe.

Nimepewa onyo la maandishi, limebandikwa ubaoni karibu na orodha ya zamu. Nimetia sahihi. Baadaye nililia chumbani kwangu, sikufichi, lakini yalikuwa machozi ya kawaida na yalikwisha.

Mkuu wako amekubali urudi kwenye zamu leo hii. Majaribio yanaendelea mpaka tarehe ileile, 31 Agosti, hawakuongeza hata siku moja. Taarifa zote sasa ni kwa fomu, na fomu najaza mimi kwa mkono wangu, kisanduku kwa kisanduku. Duka la miwani liambie likuache.

Na barua yangu itunze. Nataka kujua kama nilikosea neno.

Shangazi yako

*

Kilimani
23 Agosti

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kaka yako anakusalimu, koti limekwisha na anasema sasa mabega yametulia. Barua yako nimeilinganisha na kumbukumbu za kikao alizorudi nazo mkuu. Ulikosea neno moja: uliandika "wamejaa vurugu" ukafuta, halafu ukaandika "vituko vya huku". Hilo la kufuta hukulisema, basi nimekusamehe.

Fomu zako zimefika zote. Nawe unajua hali ilivyokuwa: mwezi wa nane kile kitu kinazama mapema, tunabaki na saa moja tu kati ya giza kuingia na chenyewe kujificha nyuma ya mlima. Julai yote hakikupiga. Wiki mbili za Agosti hakikupiga. Wenzangu wakaanza kuleta misumari ya kreti, wananitania kwa jina langu. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilijua kitapiga, sijui kwa nini nilijua.

Tarehe 19, saa 19 na dakika 41, mkapata chafya. Safari hii fomu yenu na saa yetu zinasema kitu kimoja. Nilikuwa nimefungua tangu giza lilipoingia, napiga picha moja kila sekunde kumi, na chafya yenu imeangukia katikati ya picha ya thelathini na moja. Nimeikuza picha hiyo mpaka haikuziki tena. Nyota zote za jirani zipo mahali pake, nimezihesabu. Pale panapochafya pamenyamaza. Hakuna nukta wala doa, ni giza tupu.

Mkuu amesema, "Bora tungekuwa na cha kuonyesha." Mwenzangu kasema polepole kile ambacho nami nakiogopa: mtu aliyetazama na asione, na mtu ambaye hakutazama kabisa, picha zao zinafanana. Na mimi ndiye yule aliyekwisha kukosea. Wataamini vipi kwamba nilikuwa mlangoni?

Nimeandika kila kitu kwenye kitabu cha zamu jinsi kilivyokuwa. Sikuongeza kitu. Mimi najua nilikuwa pale, Shangazi. Nilikuwa natazama pale hasa, na hapakuwa na mwanga. Nasubiri waamue.

Mtoto wako

*

Bondeni
17 Septemba

Mwanangu,

Marahaba zote tatu. Koti limefika. Zambarau ndani, kijivu nje, naonekana kama mtu aliyepandishwa cheo siku ya kuondoka.

Jana walikuja mabingwa watatu wa makao makuu, na mabegi. Masahani yetu hayakuwatatiza, chafya ile kila mtu anaiona. Wakatoa picha zako na kitabu chako cha zamu. Mmoja, mwembamba, sauti ya chini, akauliza lile ulilokuwa unaliogopa: "Tutajuaje kwamba huyu mwangalizi alikuwa anatazama mahali penyewe, wakati wenyewe?"

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa na maneno mdomoni, ungeyasikia mpaka huko kilimani. Nikayameza. Nikasema, "Mimi ni shangazi yake, msiniulize mimi. Someni kitabu chake."

Bwana Kikao, akiwa macho kabisa, akakichukua mwenyewe na kuanza kusoma kwa sauti, picha baada ya picha. Uwazi wa anga. Idadi ya nyota. Upepo uliotikisa paa kwenye picha ya kumi na saba, ukaandika "picha hii haifai, isihesabiwe". Mtu gani anayedanganya hujikatia picha zake? Akafika picha ya thelathini: "Setilaiti imepita kona ya kushoto, juu." Yule mwembamba akamwambia asimame hapo hapo. Setilaiti ile inajulikana, njia yake imeandikwa mpaka sekunde. Akapiga hesabu, sote tumeshika vikombe bila kunywa. Akainua kichwa. Ilipita pale pale, sekunde ile ile uliyoandika, na sekunde kumi baadaye chafya ikapiga na picha yako ya thelathini na moja iko wazi.

Akasema, "Alikuwa anatazama."

Tena huko "kutoona" kwako ndiko walikokuwa wanakutaka. Kuna kundi kubwa la wataalamu lililokuwa likishikilia kwamba kila chafya ya aina hii lazima itoke na mmweko wa mwanga. Mmweko wenye nguvu wanayoidai ungeonekana kwenye darubini yako kama taa. Haukuwepo. Maelezo yao yamekufa jana, saa tano asubuhi, kwenye chumba chetu cha vikao, na mabingwa walikuwa wanatabasamu kama watu waliopata, si waliopoteza. Darubini haifungwi. Wameongeza miaka miwili, na barua yako ya ajira iko kwenye gari hilihili, iangalie chini ya hii. Ni ya kudumu. Nimeisoma kabla yako, usinune.

Walipoondoka nilienda nyuma ya sahani la nne na kulia kwa sauti. Nakupenda, mtoto wewe. Sijui kwa nini imenichukua muda wote huu kuliweka kwenye karatasi.

Ijumaa nakabidhi funguo. Sina haraka ya kwenda nyumbani, kaka yangu atanisubiri. Nitapanda gari la vipuri mpaka kwako. Nimesikiliza miaka thelathini na moja na sijawahi hata siku moja kuweka jicho kwenye darubini. Usinionyeshe mwezi, wala zile sayari za kuwafurahisha wageni. Uielekeze pale pale, pasipo kitu, uniwekee kiti, uniache nitazame.

Shangazi yako